Lori Lililosema Ka! Asubuhi ya Msafara

Nyamazeni kwanza. Kabla hujagusa spana, kabla hujaita watu waje kusukuma, zima redio, mwambie mwenye gari afunge mdomo, halafu geuza ufunguo mara moja tu, usikilize. Mara moja! Vijana wa siku hizi mnageuza ufunguo mara ishirini kama mnabishana nao, mpaka hata kile kidogo kilichobaki kwenye betri kinakwisha, halafu mnaniita.

Nimekuwa fundi wa magari huku Ngara na Biharamulo tangu siku ambazo ungeweza kuyataja magari ya wilaya nzima moja moja, kama mtu anavyotaja ng'ombe wake. Sasa nimestaafu. Magoti yamekataa kabisa kuingia chini ya gari, lakini masikio bado yako kazini. Juzi nilikuwa barazani naota jua, nikamsikia jirani akigeuza ufunguo wa gari lake: ka! Kimya. Ka! Kimya. Mwili ukanisisimka, nikainuka bila kutafuta fimbo. Mke wangu akasema, "Mzee, unakwenda wapi hivyo?" Nikamwambia, "Naitwa." Akacheka mpaka akakaa chini.

Basi sikilizeni, maana sauti hii imenipa fedheha, imenipa marafiki, na siku moja wakati wa vita karibu impeleke mtu asiye na kosa mahali pabaya.

Kuna ka-ka-ka-ka-ka ya harakaharaka, kama kuku anayedonoa bati. Hiyo mara nyingi ni betri iliyochoka, au vichwa vya betri vimelegea, au vimeota ule unga mweupe wenye kijani. Halafu kuna ka! moja tu, nzito, kama mtu aliyegonga meza mara moja akanyamaza. Hiyo ndiyo yenye maneno. Washa taa kubwa, mtu asimame mbele azitazame, geuza ufunguo. Taa zikizimika au zikiwa nyekundu kama makaa, umeme hautoshi: rudi kwenye betri na vichwa vyake. Lakini taa zikibaki zinang'aa vilevile kana kwamba hakuna mtu aliyegusa kitu, basi umeme upo ila haupiti unakotakiwa kupita. Hapo tafuta kwenye stata yenyewe, kwenye solenoidi, yaani kile kikopo kinachokaa mgongoni mwa stata, au kwenye njia ya kurudia.

Njia ya kurudia! Ningekuwa mtu wa kuchanja chale, ningewachanja maneno hayo mkononi.

Aliyenifundisha ni Mzee Ntahondi, Mhangaza mwenzangu wa kabila la huku Ngara, mtu mwembamba mwenye vidole virefu. Ujanani alikwenda Buganda kwa miguu kulima kahawa ya watu, akarudi na ufundi wa magari, baiskeli, na tabia ya kusema na injini. Alikuwa akisema, "Umeme ni mtu anayekwenda sokoni, Deusi. Akishakwenda lazima arudi kwake. Ukimzibia njia ya kurudi, hata kuondoka haondoki." Betri ndiyo nyumba. Waya mnene wa chanya ndio njia ya kwenda. Kurudi, anapita kwenye chuma cha injini, anavuka kwa waya mmoja wa kusuka mpaka kwenye chasisi, kutoka chasisi anaingia nyumbani. Huo waya wa kusuka sisi tunauita waya wa arthi. Hauna sura, unakaa chini kwenye matope na hakuna anayeusalimia.

Nilimwelewa? Niliitikia tu, "Ndiyo, mzee." Kuitikia si kuelewa.

Maana mwaka wangu wa pili kazini niliitwa Mabawe, kwetu kabisa, nilikozaliwa. Gari la bwana shamba limelala kwenye mteremko, linasema ka! Nikaona leo ndiyo siku yangu, wajomba watanitazama. Sikuwasha taa wala sikugusa betri. Nililala moja kwa moja chini ya gari nikaanza kufungua stata. Mvua ikanyesha, maji yakanipitia mgongoni kama mfereji. Nikaishusha, nikaisafisha, nikairudisha: ka! Nikaishusha tena. Siku ya pili nikaishusha mara ya tatu. Wajomba waliokuja kunitazama wakaanza kuleta vigoda vyao.

Mzee Ntahondi akafika amedandia lori la pamba. Ana spana moja tu mfukoni. Akanitazama nilivyojaa matope. Akamsalimu mke wa bwana shamba, akamwomba chai ya rangi, moto sana, bila sukari. Nikajisemea, huyu mzee amekuja kunywa chai mimi ninakufa hapa! Akaletewa. Akafungua boneti, akaimwaga chai yote juu ya vichwa vya betri. Ule unga mweupe ukatoa povu, ukachuruzika wote. Akafungua vichwa, akavikwangua kwa kisu mpaka vikang'aa, akavikaza, akapaka grisi kidogo juu. "Washa." Gari likanguruma! Wajomba wakapiga makofi, na hawakunipigia mimi.

Njiani akaniambia, "Usimpasue mgonjwa tumbo kabla hujamuuliza kama amekula."

Hilo nililishika. Nilidhani nimelishika lote.

Siku zile za Ujamaa tulikuwa na shida ya vipuri ambayo ninyi hamuwezi kuiamini. Kaboni za stata zikiisha, tulivunja betri kuukuu za tochi, tukatoa ile kaboni ya katikati, tukaisaga kwa msasa mpaka iingie. Maji ya betri yalikuwa ya mvua, yaliyokingwa kwa beseni safi uwanjani, kamwe si ya kwenye bati, maana ya bati yana kutu. Stata moja ilihudumia magari mawili kwa zamu! Nasema hivi si kwa kujisifu. Nasema mjue kwamba mtu asiye na vipuri analazimika kuwa na akili, na mtu mwenye vipuri vingi anaweza kubadilisha kila kitu isipokuwa kile kibovu.

Sasa vita.

Nilikuwa nimehamia Biharamulo mjini pamoja na Mzee Ntahondi, katika karakana moja ya kutengeneza malori. Adui alipovuka mpaka kule kaskazini, watu wa ng'ambo ya mto Kagera wakakimbia na watoto na mbuzi, wakamiminika kusini. Huku kwetu vijiji vya Ujamaa vikaambiwa vitoe chakula. Na vilitoa! Magunia ya maharage, mahindi, mihogo mikavu, mablanketi. Kila lori lililoweza kutembea likachukuliwa kwenda na msafara. Mzee Ntahondi akachukuliwa naye na sanduku lake la spana, akatengeneze magari ya jeshi mbele huko. Nikabaki mimi fundi peke yangu, umri miaka ishirini na sita. Nilitaka sana kwenda mbele. Niliona vita inanipita.

Kati ya malori hayo lilikuwapo la kijiji kimoja upande wa Nyantakara. Dereva wake aliitwa Melkiadi Barampama. Huyu alikuwa amevuka mto Ruvubu miaka ya nyuma akikimbia mauaji ya kwao Burundi, mkewe Spesioza nyuma yake na mtoto mgongoni. Walikaribishwa, wakapewa shamba kama wenzao. Kwa kuwa alijua udereva tangu kwao, kijiji kikampa lori. Alilipenda lile lori. Asubuhi alilisalimu kabla hajanisalimu mimi: "Amahoro," yaani amani kwa lugha ya kwao, halafu analipiga kofi ubavuni.

Siku chache kabla ya msafara alileta lori karakana. Klachi ilikuwa imekwisha. Na kapteni wa msafara alikuwa ametoa amri: lori lolote la rangi nyeupe lipakwe rangi ya majani, lisionekane na ndege. Lile la Melkiadi lilikuwa jeupe kama maziwa. Basi tukafanya kazi mbili kwa pamoja. Mimi nashusha giaboksi nibadilishe klachi, watu wanapaka rangi ya kijani kwa brashi juu, chini, kila mahali, na mimi nimo chini inanidondokea kichwani. Malori mengine mawili yananisubiri. Nilirudisha giaboksi, nikafunga kila bolti, tukawasha, likawaka. Melkiadi akaondoka anapiga honi kama bwana harusi. Akaenda kijijini, akapakia, akarudi mjini jioni ya kuamkia safari.

Asubuhi malori tisa yamejipanga uwanjani, yamejaa mpaka juu. Wanawake wameleta viazi vya kuchemsha vya madereva. Injini zinawaka moja moja, moshi, kelele, watu wanaimba! Ikafika zamu ya Melkiadi.

Ka!

Akageuza tena. Ka!

Wimbo ukafa. Nilikimbia. Kapteni alikuwa amekwisha kufika pale, mtu mfupi mwenye sauti ya chini sana; na nawaambia, mtu wa sauti ya chini ndiye wa kuogopa.

"Dereva," alisema, "jana lori hili lilikuja lenyewe?"

"Ndiyo, afande."

"Leo limekufaje?"

"Sijui, afande. Limekataa tu."

Mgambo mmoja aliyekuwa na bunduki akasogea akamnong'oneza kapteni, ila kwa sauti ambayo sote tulisikia. "Afande, huyu si mtu wa hapa. Ni mtu wa kuja. Rori zima kabisa rinakufa siku ya safari?"

Melkiadi akageuka. "Ndugu yangu, maharage ya shamba langu yamo humo ndani. Magunia mawili. Ningewaharibia watu maharage yangu mwenyewe?"

Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Hujuma. Lilipita uwanjani kama moto kwenye nyasi. Siku za vita neno hilo halikuhitaji ushahidi mwingi. Kapteni akaamuru avuliwe mkanda, akae chini karibu na mlingoti wa bendera. Mgambo akasimama nyuma yake. Spesioza alikuwapo, alikuwa amekuja juu ya mzigo kumsindikiza mumewe. Hakulia. Alikwenda akakaa chini hatua tatu kutoka kwa mumewe, akanyoosha miguu, kama mtu aliyefika.

Kapteni akanitazama. "Fundi, tunaondoka saa nne. Likiwaka, nitafikiri. Lisipowaka, mzigo utagawanywa kwa wengine, na huyu atakabidhiwa kwa wanaohusika."

Nikasema, "Afande, tulisukume, litawaka."

"Gari la kusukumwa silipeleki vitani. Likizimika darajani nani atasukuma? Adui?"

Nilikuwa na saa moja na nusu.

Sikilizeni nilivyofanya, maana safari hii nilimkumbuka mzee. Betri kwanza. Vichwa visafi, vimekaza. Nikaazima betri ya lori la jirani, nzima kabisa, nikaifunga: ka! Basi si betri. Nikaomba mtu asimame mbele, nikawasha taa, nikageuza ufunguo. "Taa vipi?" "Zinawaka tu, fundi!" "Hazijapungua?" "Hata kidogo!" Aha. Umeme upo, haupiti. Nikachukua nyundo ndogo, nikaigonga stata taratibu huku mtu anageuza, maana wakati mwingine kaboni zimenasa, ukigonga zinaachia. Ka! Nikaunganisha kwa bisibisi zile bolti mbili nene za solenoidi, kuruka kile kikopo. Ingekuwa solenoidi ndiyo mbovu, stata ingezunguka. Cheche ndogo tu, pfff! Stata haikuzunguka.

Kila dalili ilikuwa inaniambia: stata imekufa. Na stata ya akiba wilaya nzima haikuwapo. Nikachukua spana niifungue. Nilikuwa nimekwisha kuishika bolti ya kwanza, nikaona mvua ya Mabawe inanipitia mgongoni. Mgonjwa amekula? Nimemuuliza yote?

Nikapiga kelele, "Geuza tena, ushikilie usiachie!" Nikaingiza kichwa kwenye injini nione kwa macho. Ili nisianguke nikashika chochote kilichokuwa karibu. Nilishika kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedeli ya mguuni kwenda kwenye injini.

Niliungua! Wallahi niliungua, nami ni Mkristo! Nikaruka nyuma, kiganja kina mstari mwekundu kama nimeshika chuma cha mfua vyuma. Watu wakadhani nimepigwa shoti. Nami nilikuwa nacheka. Nacheka peke yangu, napuliza mkono, naruka!

Fikirini nanyi, vijana. Kebo ya pedeli ina kazi gani na umeme? Haina. Ni kamba ya chuma ya kuvuta mafuta. Kwa nini iwe moto? Kwa sababu mtu aliyekwenda sokoni amekuta njia yake ya kurudi imezibwa, anapita kwenye kichochoro cha watu! Umeme wote wa stata ulikuwa unajaribu kurudi nyumbani kupitia kebo nyembamba. Haikutosha kuzungusha stata. Ilitosha kuunguza kiganja changu.

"Leteni waya wa kubusti!" Zile nyaya nene za kuazimana moto. Nikafunga upande mmoja kwenye chuma tupu cha injini, upande mwingine kwenye hasi ya betri. Nikamfanyia njia nyingine ya kurudi.

"Geuza!"

Lori likanguruma! Halikusitasita hata kidogo! Uwanja mzima ukalipuka, wanawake wakapiga vigelegele, mtu akanirukia shingoni. Nikatazama kwenye mlingoti. Melkiadi alikuwa ameziba uso kwa mikono miwili. Spesioza alikuwa ananitazama mimi tu.

Nikaingia chini, nikiwa bado natabasamu, nione waya wa arthi umepatwa na nini. Umekatika? Haukukatika. Umelegea? Ulikuwa umekaza vizuri sana. Nikaufungua. Chini ya kichwa cha waya, kwenye chasisi, palikuwa na duara safi la rangi ya kijani, laini, linang'aa.

Tabasamu likanitoka.

Rangi haipitishi umeme. Nilipobadilisha klachi nilikuwa nimeufungua waya ule, na nilipoufunga niliufunga juu ya rangi mbichi. Ungekuwa sekunde kumi za kukwangua kwa kisu. Siku za kwanza meno ya bolti yalishika chuma kidogo, likawa linawaka. Barabara ikalitikisa, unyevu ukaingia, likakataa. Hujuma ilikuwa ni mkono wangu. Huu huu ulioungua.

Nililala pale chini. Nawaambia ukweli kama wanangu: nilifikiri kunyamaza. Hakuna aliyeona. Ningekwangua, ningekaza, ningetoka nikasema "waya ulilegea, afande, barabara mbaya," na wote tungefurahi. Lakini waya uliolegea, nani aliulegeza? Mgambo angeuliza hivyo hivyo. Na ninaloliona kutoka chini ya lori ni miguu ya Spesioza, peku, imenyooka pale pale vumbini.

Nikakwangua mpaka chuma kikawa cheupe. Nikaufunga, nikapaka grisi. Nikatoka nikaenda mbele ya kapteni.

"Afande, kosa nimeliona. Ni langu."

"Lako vipi?"

"Nilifunga waya juu ya rangi. Dereva hakugusa kitu. Hata angetaka asingejua pa kugusa. Ni mimi, kwa haraka."

Kapteni akasema, "Nionyeshe." Akavua kofia, akaingia chini ya lori na gwanda lake safi, nami nikaingia. Nikaufungua tena waya, nikamwonyesha ganda la rangi nililokwangua. Akalichukua kwa kidole, akalitazama kwenye mwanga.

"Unajua huyu mtu angepelekwa wapi leo?"

"Najua, afande."

"Kama ungenyamaza?"

Nikaukaza tena ule waya. Akatoka, akajikung'uta. "Mpeni dereva mkanda wake." Halafu akaninyooshea kidole. "Wewe panda lori hilo. Unakwenda nalo mpaka mzigo ushuke. Likikataa njiani utaubeba kichwani, gunia moja moja."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda vitani! Bila kuaga nyumbani, kiganja kimefungwa kitambaa, nimekaa karibu na mtu niliyemponza.

Melkiadi hakusema neno mpaka tulipopita Muleba. Milima inakwenda, inarudi, migomba pande zote, ziwa linaonekana kwa mbali, na kimya ndani ya kabini kinaniuma kuliko kiganja. Mwishowe nikasema, "Nisamehe, kaka."

Akaendelea kuendesha. Kisha akasema, "Kule kwetu walimchukua kaka yangu mkubwa hivi hivi. Mtu alisema neno moja. Alikuwapo jirani aliyejua ukweli, tuliyekula naye. Alinyamaza." Akabadilisha gia. "Nilipokuwa pale chini nilikuwa namtafuta jirani yule katika nyuso zenu. Nikakuona umetoka chini ya lori umekunja uso, nikajua, huyu naye anajua kitu. Nikasema basi, na huyu atanyamaza."

Baada ya muda akasimamisha lori kando ya barabara, akazima. Nikaogopa. Akageuza ufunguo: likawaka papo hapo. Akazima tena, akawasha. Akanitazama, akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka kama wehu! Msafara ukatupita, lori la nyuma likitupigia honi. Tangu hapo kila tuliposimama Melkiadi alizima makusudi ili apate kuliwasha. Kapteni akatuma mtu aulize tuna shida gani. Melkiadi akajibu, "Hatuna shida, tunafurahi tu."

Tulishusha mzigo kwenye uwanja wa shule walikolala watu waliokimbia, watoto wamekaa juu ya vitanda vilivyobebwa kutoka makwao. Bibi mmoja aliingiza mkono kwenye gunia la maharage akayanusa, akasema, "Haya ni ya msimu huu." Melkiadi akasema, "Ni yangu, bibi." Alivyosema hivyo, alikuwa mrefu kuliko siku zote.

Siku ya tano tukarudi Biharamulo. Nikataka kushuka karakana, nikalale. Lakini Spesioza alikuwa ametuma salamu kwa mumewe, na salamu zile hazikuwa nzuri. Neno lilikuwa limetangulia kijijini kwa baiskeli: kwamba Melkiadi amekamatwa kwa hujuma. La pili, kwamba kosa lilikuwa la fundi, halikupata baiskeli ya kulibeba, na Spesioza alipolisema hawakumwamini. Kwenye shamba la pamoja wanawake walimwacha Spesioza alime mstari wake peke yake. Kisimani waliacha kumwitikia.

Melkiadi alisema, "Watasahau tu."

Nikamwambia, "Endesha. Nakwenda na wewe."

Tulifika kijijini mchana, siku ya mkutano, watu wamejaa mbele ya ghala. Nikamwomba mwenyekiti ruhusa. Nikasimama na kitambaa changu mkononi. Nikasema mimi ndiye fundi Deusi, nilifunga waya juu ya rangi, lori likakataa, dereva wenu akakalishwa chini kwa kosa langu, na maharage yenu yamefika na yanaliwa. Nilisema upesi, nikitazama chini, nikataka kukaa.

Bibi mmoja aliyekaa mbele akauliza, "Sasa umejifunza kukwangua rangi?"

"Nimejifunza, bibi."

Watu wakacheka, nami nikashukuru kicheko kile, nikaanza kuinama nikae. Spesioza hakucheka. Alisimama katikati ya wanawake, jembe begani.

"Fundi," alisema, "wa nyuma hawakusikia."

Nikageuka. Kweli, nyuma kulikuwa na watu wengi, hata wale waliokuwa wakirudi kisimani na ndoo zao. Nikarudia, kwa sauti zaidi.

"Bado," alisema Spesioza.

Basi nikapanda juu ya lori, nikasimama penye bodi tupu, nikajaza mapafu hewa. Nikasema yote tangu mwanzo, kwa sauti ambayo hata waliokuwa ng'ambo ya bonde waliacha kulima, wakasimama wakasikiliza.